Fomula Iliyopimwa na Fazi Iliyoundwa: Kufundisha kwa Mfano wa Superkondakta za Chuma

Utangulizi

Hakuna mwalimu wa kemia asiyelijua jaribio la chuma na salfa. Gramu 7 za unga wa chuma huchanganywa na gramu 4 za unga wa salfa. Mchanganyiko hupashwa moto katika neli ya majaribio, nao ukishashika moto huendelea kuwaka kwa wekundu hata kichomeo kikiondolewa. Kisha mwalimu huandika ubaoni kwamba chuma na salfa vimeungana kuwa salfaidi ya chuma, FeS, na kwamba sumaku haikivuti tena chuma kilichomo. Hata hivyo, mwanafunzi mwenye macho makini akiisogeza sumaku karibu na kile kitu cheusi kilichokwisha kusagwa, mara nyingi huona punje kadhaa zikirukia sumaku. Je, aandike alichokiona au aandike kilichoandikwa ubaoni?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba punje hizo chache ndizo somo lenyewe. Zinatufundisha kutofautisha mambo mawili ambayo katika ufundishaji wetu huchanganywa mara kwa mara, yaani fomula tuliyoipima kwenye mizani na fazi iliyoundwa motoni. Tumechagua kulieleza jambo hili kwa mfano wa superkondakta za chuma kwa sababu mbili. Kwanza, FeS ya jaribio la shule ina ndugu yake katika ukoo huo. Pili, katika kampaundi hizo tofauti ya miligramu chache, au ya joto la tanuri, huamua kama kitu kina sifa inayotafutwa au hakina kabisa. Masomo tunayoyapendekeza yanawafaa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, pamoja na wanachuo wa ualimu wa sayansi, nayo yanahitaji vipindi vitatu.

1. Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

Superkondakta ni kitu ambacho, kikipoozwa chini ya halijoto yake maalumu, hupitisha umeme bila ukinzani wowote na pia huusukuma nje uga wa sumaku. Sifa ya kwanza iligunduliwa mwaka 1911 na Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, katika zebaki iliyopoozwa hadi Kelvini 4.2 hivi. Sifa ya pili ilionyeshwa mwaka 1933 na Walther Meissner na Robert Ochsenfeld nchini Ujerumani. Wanafunzi wakumbushwe kwamba Kelvini 0 ni nyuzi 273 hivi chini ya sifuri ya Sentigredi.

Kwa miaka mingi watafiti walikiepuka chuma katika kazi hii, kwa kuwa usumaku wa kawaida huharibu hali ya superkondakta, na chuma kinajulikana kwa usumaku kuliko metali zote. Mwaka 2006 kikundi cha Hideo Hosono katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, Japani, kilieleza kwamba kampaundi LaFePO ni superkondakta karibu na Kelvini 4. Halijoto hiyo ilikuwa ndogo, na habari hiyo haikuwashtua wengi. Lakini mapema mwaka 2008 Yoichi Kamihara, Hosono na wenzao walitangaza kwamba LaFeAsO, iliyobadilishwa sehemu ya oksijeni yake kwa florini, hufikia Kelvini 26. Kabla ya mwaka huo kwisha maabara za nchi nyingi zilikuwa zimeingia kazini. Mjini Beijing lanthani ilibadilishwa kwa samari, na Kelvini 55 zikafikiwa. Mjini Munich, Marianne Rotter, Marcus Tegel na Dirk Johrendt walipata Kelvini 38 katika BaFe2As2 iliyotiwa potasiamu. Nchini Taiwani kikundi cha Maw-Kuen Wu kilionyesha kwamba FeSe, yenye elementi mbili tu, ni superkondakta kwenye Kelvini 8 hivi.

Kampaundi hizi zote zina umbo la msingi lililo moja. Atomu za chuma zimepangwa katika tabaka bapa lenye miraba, nazo atomu za aseniki, fosforasi au seleni zimekaa juu na chini ya tabaka hilo kwa kupokezana, hivyo kwamba kila atomu ya chuma imezungukwa na nne. Tofauti kati ya jamaa moja na nyingine ni kile kinachowekwa baina ya matabaka ya chuma. Katika LaFeAsO kuna tabaka la lanthani na oksijeni, katika BaFe2As2 kuna atomu za bari, na katika FeSe hakuna kitu.

2. Fazi ni nini, na huundwaje

Fazi ni sehemu ya maada yenye mpangilio mmoja wa atomu na sifa zilezile kila mahali ndani yake. Barafu ielekeayo juu ya maji ni mfano ulio karibu zaidi na wanafunzi, kwa kuwa fomula ni moja, H2O, lakini fazi ni mbili. Almasi na grafiti zote ni kaboni tupu, ila moja hukata kioo na nyingine huandika karatasini. Kwa hiyo fomula hutuambia idadi ya atomu, lakini haituambii zimepangwaje.

Na tuirudie FeS. Kinachopatikana katika neli ya shule ni fazi ambayo fuwele zake zina umbo la pembe sita, nayo si superkondakta. Chuma na salfa vinaweza pia kupangwa katika umbo la miraba lenye matabaka. Mwaka 2015 watafiti nchini China walionyesha kwamba fazi hiyo, iliyoandaliwa ndani ya maji katika chombo kilichofungwa na kwa joto dogo sana kuliko lile la neli inayowaka, ni superkondakta karibu na Kelvini 5. Elementi ni zilezile na uwiano ni uleule wa moja kwa moja. Kilichotofautiana ni njia iliyofuatwa.

Habari ya FeSe ni ya namna hiyohiyo, na imepimwa kwa makini zaidi. Fazi ya miraba, ambayo ndiyo superkondakta, hudumu hadi nyuzi 457 hivi za Sentigredi. Juu ya hapo hugeuka kuwa fazi ya pembe sita. Mtu akiyeyusha chuma na seleni kwa joto kali kisha akapoza haraka, atapata mchanganyiko wa fazi ambazo nyingine hazina faida kwake. Hana budi kukiacha kitu hicho kikae siku kadhaa katika joto la chini ya mpaka huo, ili atomu zipate nafasi ya kujipanga upya.

Uwiano nao hauvumilii uzembe. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kwamba FeSe yenye chuma kilichozidi kwa sehemu 1 katika 100 ni superkondakta kwenye Kelvini 8.5, hali ile yenye chuma kilichozidi kwa sehemu 3 katika 100 haiwi superkondakta kabisa. Wanafunzi wakokotoe wenyewe. Moli 0.01 ya FeSe ina gramu 0.56 za chuma na gramu 0.79 za seleni. Tofauti kati ya ziada ya 1 na ziada ya 3 katika 100 ni miligramu 11 za chuma. Mizani ya shule inayosoma hadi gramu 0.01 ingeihisi tofauti hiyo kwa shida.

Kampaundi za aseniki zina matatizo ya aina nyingine. Aseniki hugeuka mvuke kwenye nyuzi 615 hivi bila kuyeyuka kwanza, na mvuke wake ni sumu kali. Kwa hiyo malighafi hufungwa ndani ya neli ya kwatzi isiyo na hewa au yenye agoni, kisha hupashwa polepole ili mvuke usije ukaipasua neli kabla ya kuungana na metali. Mara nyingi kampaundi rahisi kama FeAs hutengenezwa kwanza, husagwa, hugandamizwa kuwa kidonge, na ndipo hurudishwa tanurini kwa joto la nyuzi 1,200 hivi. Potasiamu ni tete nayo huishambulia kwatzi, hivyo huwekwa katika chombo cha alumina. Kila atomu inayotoroka kama mvuke, au inayokamatwa na ukuta wa chombo, huifanya fomula iliyopimwa isiwe tena fomula iliyoundwa.

Ni lazima tusisitize hapa kwamba aseniki na seleni haziruhusiwi kabisa kutumiwa darasani. Mwalimu azieleze kwa maneno na michoro tu.

3. Utiaji wa atomu ngeni

LaFeAsO safi si superkondakta, wala BaFe2As2 safi katika kanieneo ya kawaida. BaFe2As2 ikipoozwa hadi Kelvini 140 hivi, miraba ya tabaka la chuma hupindika kidogo, na sumaku ndogondogo za atomu za chuma hujipanga kwa utaratibu. Utaratibu huo ukidhoofishwa ndipo hali ya superkondakta hujitokeza. Njia iliyozoeleka ya kuudhoofisha ni kutia atomu ngeni, yaani kuondoa baadhi ya atomu za kampaundi na kuweka nyingine mahali pake palepale.

Hesabu ya valensi inatosha kulieleza jambo hili. Katika LaFeAsO, lanthani ni +3, chuma ni +2, aseniki ni −3 na oksijeni ni −2, na jumla ni sifuri. Florini ni −1. Kila atomu ya florini inayokaa mahali pa oksijeni huacha elektroni moja ya ziada, nayo huenda kwenye tabaka la chuma. Katika BaFe2As2, bari ni +2 na potasiamu ni +1, kwa hiyo potasiamu hupunguza elektroni moja. Kobalti, iliyo jirani ya chuma katika jedwali la elementi, ina elektroni moja zaidi, nayo huingia ndani ya tabaka lenyewe la chuma. Jambo la kushangaza ni kwamba kuongeza elektroni na kupunguza elektroni kote huzaa superkondakta. Potasiamu hutoa Kelvini 38 inapochukua sehemu 4 katika 10 za nafasi za bari. Kobalti hutoa Kelvini zaidi ya 20 kidogo inapochukua sehemu 6 hivi katika 100 za nafasi za chuma. Ikizidi sana, hali hiyo hufifia na kutoweka.

Mwanafunzi asiachwe akidhani kwamba kila kitu ni hesabu ya elektroni. Fosforasi ina valensi sawa na aseniki, ila atomu yake ni ndogo zaidi. Ikiwekwa mahali pa sehemu ya aseniki katika BaFe2As2 haiongezi wala haipunguzi elektroni, lakini superkondakta ya Kelvini 30 hivi hupatikana. Atomu ndogo huvuta majirani na kuubana mpangilio kutoka ndani. Kubana kutoka nje nako kuna nguvu, kwani mwaka 2008 ilionekana kwamba LaFeAsO yenye florini hupanda kutoka Kelvini 26 hadi 43 ikigandamizwa.

Hapa utiaji na fazi hukutana. Florini haiingii katika LaFeAsO bila kikomo. Ikizidi, haikai tena mahali pa oksijeni, bali hujitenga na kuunda kampaundi nyingine, LaOF, pembeni. Mpimaji aliyeweka florini nyingi mizanini anaweza kudhani ameitia yote, kumbe fuwele imekwisha kukataa. Kikundi cha Hosono kilipotumia haidrojeni badala ya florini, kiliweza kubadilisha hadi nusu hivi ya oksijeni, na mwaka 2012 kikaonyesha kwamba kiasi cha utiaji kinachofaa kina vilele viwili, kimojawapo kikifika Kelvini 36. Kilele cha pili kilikuwa kimefichwa na kikomo cha florini.

4. Hatua za masomo

Kipindi cha kwanza: chuma na salfa. Mwalimu alifanye jaribio penye hewa ya kutosha, kwa kiasi kidogo, huku mdomo wa neli ukiwa umezibwa kidogo kwa pamba ya madini ili mvuke wa salfa usienee. Kitu kilichopatikana kikishapoa kisagwe katika kinu, kisha sumaku iliyofungwa karatasi isogezwe karibu. Wanafunzi waandike wanachokiona, bila kuongozwa. Punje zikivutwa, mwalimu aulize: zinaweza kuwa nini? Majibu mawili ni sahihi. Huenda ni chuma kisichoungana, na huenda ni fazi nyingine ya chuma na salfa, kama vile Fe7S8, ambayo ina usumaku. Hivyo neli moja ya shule inaweza kuwa na fazi tatu, hali ubao unaandika moja. Hapo ndipo neno fazi litambulishwe, kwa kuwa wanafunzi wameshahisi haja yake.

Kipindi cha pili: ubao wa bao. Ubao wa bao una mashimo 32 katika safu nne, nao unafaa sana kuwa mfano wa tabaka la chuma. Kila shimo liwekwe punje moja ya mahindi kuwa atomu ya chuma. Kisha punje mbili za mahindi ziondolewe na mahali pake ziwekwe kunde mbili, katika mashimo yaliyo mbalimbali. Kunde ni kobalti. Mbili katika 32 ni sehemu 6.25 katika 100, yaani karibu na kiasi kilekile kinachofaa katika BaFe2As2. Wanafunzi wataona kwa macho jinsi kiasi hicho kilivyo kidogo.

Baada ya hapo ubao wa pili uandaliwe kwa mahindi 30 na kunde mbili vilevile, lakini kunde zikae pembeni juu ya ukingo wa ubao, na mahindi yajaze mashimo 30 tu. Mwalimu aulize: tukimwaga mbegu za kila ubao na kuzipima, mizani itatuonyesha tofauti gani? Haitaonyesha tofauti yoyote. Katika ubao wa kwanza utiaji umefanyika, katika wa pili imezaliwa fazi ngeni, na hesabu ya mbegu ni ileile. Ndipo ielezwe kazi ya eksirei. Miale yake ikipita katika unga wa fuwele hutawanyika kwa pembe zinazotegemea nafasi kati ya atomu, na kila fazi huwa na mistari yake. Kifaa hicho ndicho jicho linaloona ubao, pale ambapo mizani huona mbegu tu.

Kipindi cha tatu: sanduku la mchanga. Mwalimu ajaze sanduku la kadibodi kwa mchanga mkavu, na ndani yake afiche waya mwembamba wa shaba uliofungwa kwenye misumari miwili inayotokeza nje. Betri na balbu zikiunganishwa, balbu itawaka. Wanafunzi waulizwe kama kilichojaa sandukuni kinapitisha umeme. Wengi watasema ndiyo. Kisha sanduku lifunguliwe. Vivyo hivyo, kipimo cha ukinzani kinaposoma sifuri hutuambia tu kwamba ipo njia moja isiyokatika, ambayo yaweza kuwa uzi mwembamba wa fazi moja katikati ya fazi nyingine nyingi. Ndiyo sababu watafiti hupima pia ni sehemu gani ya kitu kizima inayousukuma nje uga wa sumaku.

Mfano wa karibuni utawasaidia wanafunzi kuona uzito wa jambo hili. Mwezi Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walitangaza kwamba kitu walichokiita LK-99, chenye risasi, fosforasi, oksijeni na shaba, ni superkondakta hata katika joto la kawaida la chumba. Habari hizo zilienea duniani kwa siku chache. Mwezi Agosti maabara nyingine zilionyesha kwamba kushuka kwa ghafla kwa ukinzani karibu na nyuzi 104 za Sentigredi kulitokana na salfaidi ya shaba, Cu2S, ambayo huzaliwa pembeni wakati wa kukitengeneza kitu hicho na ambayo hubadili mpangilio wake kwenye joto hilohilo. Fazi ngeni ilikuwa imesema kwa jina la fazi iliyokusudiwa.

5. Maswali ya kupima

(a) Taja idadi ya elektroni zilizoongezwa au kupunguzwa kwa kila atomu ya chuma katika LaFeAsO0.89F0.11, Ba0.6K0.4Fe2As2 na Ba(Fe0.94Co0.06)2As2. Majibu: zimeongezwa 0.11; zimepunguzwa 0.2, kwa kuwa kila fomula ina atomu mbili za chuma, zimeongezwa 0.06.

(b) Mtafiti amepima malighafi za LaFeAsO0.7F0.3, na eksirei imeonyesha pia mistari ya LaOF. Je, ana haki ya kuandika kwamba fuwele yake ina florini 0.3? Jibu: Hana. Sehemu ya florini iko katika fazi nyingine, kwa hiyo iliyo ndani ya fuwele ni pungufu. Aandike kiasi alichokipima, kisha aeleze fazi zote alizoziona.

(c) Eleza kwa nini FeSe iliyokwisha kuyeyushwa haina budi kukaa muda mrefu chini ya nyuzi 457.

Katika kusahihisha, mwalimu aangalie zaidi maelezo ya jaribio la kipindi cha kwanza. Mwanafunzi aliyeandika kwamba sumaku ilivuta punje chache, akajaribu kueleza sababu, apewe alama nyingi kuliko yule aliyenakili sentensi ya kitabu. Tukifanya kinyume chake, tunawazoeza vijana kuamini kwamba jibu huwepo kabla ya jaribio, na tabia hiyo ikishaota mizizi ni vigumu kuing'oa.

Hitimisho

Superkondakta za chuma hazimo katika mihtasari mingi ya shule, wala hatudai ziwe jambo la kukaririwa. Tumezitumia kwa kuwa zinaonyesha, kwa namna isiyoweza kupuuzwa, kwamba mizani, joto, muda na chombo vyote hushiriki katika kuamua kitu gani kitazaliwa. Mwalimu mwenye kichomeo kimoja, ubao wa bao na sanduku la mchanga anaweza kulifundisha jambo hilo kikamilifu. Tunapendekeza walimu walijaribu kwanza katika jaribio la chuma na salfa, kisha wautumie utaratibu uleule katika kila jaribio la kuunda kampaundi: wanafunzi waandike walichopima, waandike walichopata, na waeleze tofauti iliyopo kati ya hivyo viwili.